Skolashipu za michezo Kanada: wazazi wa Arusha na Moshi wajue haya kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumze na wazazi wa Arusha na Moshi wenye watoto wa kidato cha tano na cha sita wanaojua michezo. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, mawakala huanza kupita mashuleni na kwenye magrupu ya WhatsApp wakitangaza "skolashipu kamili ya michezo Kanada". Mzazi anaonyeshwa picha ya uwanja uliojaa na kijana aliyevaa jezi ya chuo, kisha anaambiwa alipe fedha ya fomu na mtoto atapanda ndege Septemba hiyo hiyo. Watu wanauza ng'ombe na viwanja kwa ahadi hizo. Sisi ni walimu wa michezo, na tunaandika ili mzazi apime mwenyewe anachouziwa.

Jambo la kwanza kulishika ni kwamba Kanada mtoto huingia chuoni kwa matokeo ya darasani, na timu hufuata. Kocha anaweza kumtaka mchezaji na hata kupeleka jina lake ofisi ya udahili, lakini ofisi hiyo ndiyo inayoamua, kwa kuangalia masomo na kiwango cha Kiingereza. Wakala anayesema "tumeshaongea na kocha, chuo kimekubali" wakati mtoto hajatuma hata cheti kimoja anadanganya, na hapo mzazi hana sababu ya kuendelea kumsikiliza.

Michezo ya vyuo vikuu vya kule inasimamiwa na chombo kimoja kiitwacho U SPORTS. Jina hilo lilianza Oktoba 2016. Kabla yake kiliitwa CIS, na kabla ya mwaka 2001 CIAU. Vyuo wanachama ni zaidi ya 50, navyo vimegawanywa katika kanda nne: Canada West upande wa magharibi, OUA jimboni Ontario, RSEQ jimboni Quebec na AUS katika majimbo ya Atlantiki. Kila kanda huendesha mashindano yake msimu mzima, na wanaofanya vizuri hukutana kwenye ubingwa wa taifa. Hapa nyumbani tumezoea michezo ya vyuo kuwa ya wiki moja au mbili: timu zinakusanyika mji mmoja, zinalala mabwenini, zinacheza kila siku mpaka bingwa apatikane. Kule mwanafunzi anacheza wiki baada ya wiki huku vipindi vinaendelea, na mara nyingi Jumapili usiku yuko njiani anarudi ili Jumatatu asubuhi awe darasani. Canada West inaanzia pwani ya Pasifiki hadi Winnipeg, kwa hiyo timu nyingine husafiri kwa ndege kwenda kucheza mechi za kawaida tu za ligi.

Michezo yenye ubingwa wa taifa inafahamika, na mzazi aanze kwa kuuliza kama wa mtoto wake umo. Kwa wavulana na wasichana kuna mpira wa kikapu, wavu, soka, mbio za nyika, riadha, kuogelea, mieleka, magongo ya barafuni na mchezo uitwao kelingi wa kusukuma mawe juu ya barafu. Wasichana peke yao wana raga na magongo ya uwanjani. Wavulana peke yao wana futiboli ya Kanada. Netiboli haimo kabisa, na hilo linawaumiza wasichana wetu wengi, maana ndiyo wanayochezeshwa kuanzia UMITASHUMTA hadi UMISSETA. Ngumi hazimo. Mpira wa mikono haumo. Mvulana wa raga, hata awe hodari namna gani, hana ubingwa wa U SPORTS wa kuwania; msichana wa raga anao. Kwa hiyo msichana wa netiboli mwenye urefu na mikono mizuri, anayetamani njia hii, ahamie kikapu mapema, angalau kidato cha tatu. Kudaka na kuruka tayari anavijua. Kudunda mpira huku anakimbia ndiko kutakakomchukua muda, kwa kuwa kwenye netiboli mchezaji haruhusiwi kutembea na mpira.

Riadha inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo sifa ya ukanda wetu. Jina la Tanzania si geni kule: Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, na kwenye michezo hiyo hiyo Filbert Bayi alipata medali ya fedha mita 1500. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025, makocha wa kule waliona kama sisi tulivyoona. Lakini ubingwa wa riadha wa U SPORTS unafanyika ndani ya jengo, mwezi Machi, nje kukiwa bado na theluji. Mbio zake ni mita 60, 300, 600, 1000, 1500 na 3000, pamoja na viunzi vya mita 60 na mbio za kupokezana. Hakuna mita 5000, hakuna 10,000, na mkuki haurushwi ndani. Kijana anayejivunia muda wa nusu marathoni aliokimbia Moshi hajampa kocha kitu cha kulinganisha. Kocha anataka muda wa mita 1500 na 3000, kisha ajue kama kijana ameshakimbia mbio za nyika, ambazo msimu wake ni Septemba hadi Novemba. Mkimbiaji wa mita 400 naye apimwe 300 na 600, kwani ndizo atakazopewa.

Sasa futiboli, ambayo mawakala wanapenda kuitumia kwa sababu picha zake zinavutia. Huu ni mchezo mwingine kabisa na soka. Mpira una umbo la yai, wachezaji wanavaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na kila upande una wachezaji 12 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 65, yaani karibu mita 100 kwa 59, na nyuma ya kila mstari wa goli kuna eneo la kufungia. Timu yenye mpira inapewa majaribio matatu ya kuusogeza yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Wamarekani wana majaribio manne, wachezaji 11 na uwanja mdogo zaidi. Tofauti hiyo moja ya jaribio inabadilisha mchezo wote: Kanada, timu isiposogea kwenye majaribio mawili ya kwanza, mara nyingi la tatu inalitumia kupiga mpira mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie nyuma kabisa. Kuvuka mstari na mpira ni pointi 6. Kuupitisha kwa mguu katikati ya nguzo ni 3, na nguzo zenyewe zimesimama kwenye mstari wa goli. Ipo pia pointi 1 inayopatikana mpira uliopigwa ukiingia eneo la kufungia na wapinzani wakashindwa kuutoa.

Mchezo huu una mizizi mirefu vyuoni. McGill ya Montreal ilicheza na Harvard mwezi Mei 1874, na mechi hizo zinahesabiwa miongoni mwa chimbuko la futiboli ya Amerika Kaskazini. Kombe la Yates la vyuo vya Ontario limekuwapo tangu 1898. Kombe la taifa, Vanier Cup, lilianza kuchezwa 1965 na linaamuliwa mwezi Novemba. Timu iliyolitwaa mara nyingi kuliko zote ni Laval ya jiji la Quebec, iliyoanza futiboli 1996 tu na hadi mwaka 2024 ilikuwa na makombe 12. Picha za Laval ndizo tunazoziona mara kwa mara kwenye matangazo ya mawakala. Wasichosema ni kwamba Laval inafundisha kwa Kifaransa. Mtoto aliyemaliza PCM au HKL Arusha bila Kifaransa cha kumwezesha kuandika mtihani hana njia pale, na hali ni hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Montréal, kilichotwaa kombe hilo mwaka 2023.

Je, kijana wa Arusha au Moshi anaweza kuingia timu ya futiboli ya chuo cha Kanada? Kwa nafasi nyingi jibu letu ni hapana, na tunalisema bila kumvunja mtu moyo. Wachezaji wanaotafutwa wamecheza tangu sekondari, na wale wa Quebec wanapitia vyuo vya kati vinavyoitwa sejepu. Kosa la mtu asiyejua kukaba kwa mabega ni kuingiza kichwa mbele, na hilo linavunja shingo. Nafasi moja tu inaweza kufunguka kwa mchezaji wa soka: mpigaji wa mguu. Anayeweza kupiga mpira uliotulia mita 40 ukapita juu ya mwamba wa goli wenye urefu wa mita 3 na kati ya nguzo zilizoachana mita 5.6, tena akarudia hivyo mara 8 kati ya 10, ana kitu cha kuonyesha. Hata huyo anahitaji mwaka mzima wa kujifunza kuupiga mpira wa yai ukiwa umeshikwa na mwenzake huku wapinzani wakimkimbilia.

Jingine: timu za vyuo hufungwa. Simon Fraser, iliyo karibu na Vancouver, ilisimamisha futiboli yake Aprili 2023 baada ya ligi ya Marekani iliyokuwa ikicheza kukataa kuendelea nayo. Wachezaji waliokuwa wameshajipanga kwa msimu uliofuata walibaki wakitafuta pa kwenda. Kabla ya kukubali nafasi, mwanafunzi aulize kwa maandishi timu inapata wapi fedha zake, na tuzo yake ya ufadhili itakuwaje ikiwa timu itafutwa.

Tuje kwenye fedha, maana ndiko mzazi anakoumizwa. Katika ngazi ya juu ya michezo ya vyuo vya Marekani, ufadhili kamili unaweza kulipia ada, chumba na chakula. Tuzo ya michezo ya U SPORTS inafuata kanuni nyingine: kikomo chake ni ada ya masomo na michango ya lazima. Chumba na chakula havimo. Hicho ni kikomo tu, na wachezaji wengi wanapata chini yake sana. Ontario kwa miaka mingi ilijiwekea kikomo cha dola elfu chache tu kwa mwaka. Timu ya futiboli nayo inaweza kuwa na wachezaji zaidi ya 80 wanaogawana fuko moja.

Mzazi apige hesabu hivi. Ada ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka nje, kwa wastani, ni kama dola 40,000 za Kanada kwa mwaka. Mzawa analipa dola 7,000 na ushee. Chukua mfano wa tuzo ya dola 5,000. Zinabaki 35,000. Uhamiaji wa Kanada, tangu Septemba 1, 2025, unamtaka mwombaji wa peke yake aonyeshe pia dola 22,895 za kuishi mwaka wa kwanza, mbali na ada na nauli, na Quebec ina viwango vyake. Jumla imefika dola 57,895 bila tiketi ya ndege, bila bima ya afya na bila koti la baridi. Zidisha kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo uone shilingi ngapi. Zipo tuzo za masomo ambazo kwa mwanafunzi mwenye alama za juu ni kubwa kuliko za michezo, na mara nyingi unaweza kupata zote mbili. Ndiyo maana tunawasihi wazazi wasimtoe mtoto kwenye masomo ya ziada kwa ajili ya mazoezi. Kwa njia ya Kanada, daraja la kwanza lina fedha nyingi kuliko mabao.

Tuzo hutolewa mwaka kwa mwaka, na kuibakiza kuna masharti. Mchezaji wa U SPORTS ana miaka mitano ya kucheza. Muhula anaocheza lazima awe amesajili angalau masomo matatu, na ili acheze mwaka unaofuata awe amefaulu krediti 18, ambazo kwa kawaida ni masomo sita ya nusu mwaka. Anayefeli anakaa nje, na tuzo yake iko hatarini. Mwanafunzi anayefikisha wastani wa asilimia 80 akiwa kwenye timu hupewa heshima ya kitaifa ya kitaaluma, na heshima hiyo inasomeka vizuri kwenye maombi ya kazi. Aliyewahi kucheza kwa malipo, iwe Ligi Kuu au madaraja ya chini yake, aseme mapema. Inaweza kumpunguzia miaka ya kucheza, na kuficha kunaweza kumfutia yote. Kuhama chuo nako kuna kanuni zake.

Kalenda ndiyo inayofichua uongo wa "Septemba hii". Mitihani ya kidato cha sita ni Mei na matokeo yanatoka Julai. Vyuo vingi vya Kanada hufunga maombi ya Septemba kati ya Januari na Machi. Kambi ya futiboli huanza katikati ya Agosti, na ligi za futiboli na soka huanza mwishoni mwa Agosti na kwisha kabla theluji haijashika. Kwa msimu wa mechi nane, aliyechelewa wiki nne kwa sababu ya kibali cha kusoma amepoteza nusu ya msimu. Kwa hiyo mtoto anayemaliza Mei ajipange kwa Septemba ya mwaka unaofuata. Katikati ana JKT kwa mujibu wa sheria, mtihani wa Kiingereza, maombi ya chuo na mazoezi. Muda huo unatosha kama haukuchezewa: Septemba na Oktoba aandike kwa makocha, Novemba na Desemba atume maombi, na barua ya chuo ikija aanze kibali mara moja.

Barua kwa kocha iwe ukurasa mmoja, aiandike mwanafunzi mwenyewe na kuituma kwenye anwani ya chuo iliyoko kwenye tovuti ya timu. Timu nyingi zina fomu ya wachezaji wanaotaka kujiunga. Ajaze hiyo pia. Aseme mchezo, nafasi anayocheza, mwaka wa kuzaliwa, urefu, uzito, mwaka anaotaka kuanza, fani anayotaka kusoma, matokeo ya kidato cha nne na alama za sasa. Asiandikie makocha 40 barua moja ile ile yenye jina la chuo kingine. Hiyo hutupwa bila kusomwa.

Kwa riadha kitu kinachoaminika ni muda uliopimwa sawasawa, na hapa shule zetu zinaharibu. Uwanja upimwe kwa utepe. Hatua za mguu hazifai. Shule nyingi zina nafasi ya mzunguko wa mita 300, nao unafaa sana: 1500 ni mizunguko mitano kamili na 3000 ni kumi. Ukikosea mita 3 kwenye mzunguko, mita 3000 zitakuwa zimepungua 30, na kwa mkimbiaji wa dakika 9 hizo ni zaidi ya sekunde 5. Mtoto ataonekana hodari kwenye karatasi, kisha ataaibika siku ya kwanza Kanada. Kosa jingine liko kwenye filimbi. Sauti inachukua karibu theluthi moja ya sekunde kusafiri mita 100, kwa hiyo mwenye saa aliyesimama mwisho wa mbio akisubiri kusikia anaanza kuchelewa, na muda unatoka mzuri kuliko ukweli. Mwanzishaji ashushe mkono au kitambaa cheupe pamoja na filimbi, na mwenye saa aangalie mkono. Saa ziwe tatu, uandikwe muda wa katikati. Muda wa saa ya mkono huandikwa kwa kupandisha hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwamba 11.42 inakuwa 11.5. Karatasi iseme "saa ya mkono", itaje kama uwanja ni nyasi, changarawe au tatani, na itaje mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kocha anajua kwamba 3000 ya hapa ina thamani kuliko muda huo huo uliokimbiwa Dar es Salaam.

Kwa soka kocha atataka video. Simu ishikwe kwa ulalo, ikae juu kidogo, kwenye jukwaa au juu ya gari, usawa wa mstari wa kati, jua likiwa nyuma ya anayepiga. Irekodiwe mechi nzima, dakika zote 90, pamoja na klipu ya dakika tatu au nne. Kwenye klipu, kabla ya kila tukio simamisha picha na umzungushie mchezaji duara, kwa sababu timu zetu nyingi zina namba zisizosomeka mgongoni. Muziki uachwe. Beki aonyeshe pia anavyojipanga mpira ukiwa mbali naye. Mabao ya penalti hayamwambii kocha chochote.

Karatasi za safari ni hizi: barua ya chuo, barua ya uthibitisho ya jimbo ambayo tangu Januari 2024 waombaji wengi wa shahada ya kwanza wanatakiwa kuwa nayo, pasipoti, ushahidi wa fedha, na alama za vidole zinazochukuliwa Dar es Salaam. Anayekwenda Quebec anahitaji pia cheti cha kukubaliwa na jimbo hilo. Uchunguzi wa afya unafanywa na daktari aliyeteuliwa na Uhamiaji wa Kanada. Cheti cha hospitali nyingine yoyote hakikubaliki. Kwa sheria ya Kanada, anayeruhusiwa kulipwa kwa ushauri wa uhamiaji ni mwanasheria wa huko, mthibitishaji wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chombo kiitwacho College of Immigration and Citizenship Consultants, ambacho orodha yake iko wazi mtandaoni kwa jina na namba. Hapa nchini, TCU ina utaratibu wa kusajili mawakala wanaopeleka wanafunzi nje. Dakika kumi kwenye simu zinatosha kujua kama aliyeketi sebuleni kwako ana namba.

Kuna mambo mawili ya afya. Ontario ina sheria tangu 2018, iliyopewa jina la Rowan Stringer, msichana wa miaka 17 aliyefariki mwaka 2013 baada ya kugongwa kichwa zaidi ya mara moja akicheza raga. Sasa mchezaji anayedhaniwa kupata mtikisiko wa ubongo anatolewa uwanjani papo hapo. Anarudi kwa hatua sita: shughuli za kawaida, mazoezi mepesi, mazoezi ya mchezo wake akiwa peke yake, mazoezi na wenzake bila kugusana, mazoezi kamili akiwa na ruhusa ya daktari, kisha mechi. Kila hatua inachukua angalau saa 24, na masomo yanarudi kabla ya mechi. Watoto wetu wamezoea kumwagiwa maji kichwani na kurudishwa uwanjani; kule kuficha kizunguzungu ili ucheze ni kosa, na tabia hiyo tuiondoe tukiwa bado hapa. La pili ni dawa. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Waterloo kilifuta msimu wake wote wa futiboli baada ya timu nzima kupimwa na wachezaji kadhaa kukutwa na makosa. Unga wa kuongeza misuli unaouzwa madukani bila maelezo, na hata baadhi ya vidonge vya mafua vyenye pseudoephedrine, vinaweza kumtia mtoto matatani. Anayetumia dawa ya pumu au nyingine ya kudumu aende na barua ya daktari na aitangaze kwa tabibu wa timu kabla ya mechi ya kwanza.

Wapo pia wanaofika Kanada kwa masomo tu, bila kocha kuwajua, kisha wakaingia timu kupitia majaribio ya wazi ambayo timu nyingi hufanya mwanzo wa mwaka. Ni njia halali na haihitaji wakala hata mmoja. Mkimbiaji ana nafasi nzuri zaidi hapo, kwani saa haibishani na mtu.

Kwa wakuu wa shule na maofisa michezo wa Arusha na Kilimanjaro tuna ombi moja. Kila sekondari yenye kidato cha tano na cha sita iwe na daftari la michezo lenye jina la mwanafunzi, tarehe, mchezo, muda au matokeo, aina ya uwanja, waliopima na sahihi ya mwalimu. Watoto wa riadha wapelekwe kupimwa Sheikh Amri Abeid au Ushirika Moshi angalau mara mbili kwa mwaka. Nakala ya ukurasa wa daftari hilo yenye muhuri wa shule ina uzito kwa kocha kuliko cheti cha bonanza.

Na wakala anayeona tumemwonea atumie ukurasa huu huu kutujibu. Aweke hadharani namba yake ya usajili, jina la chuo anachokitangaza, kiasi cha tuzo kwa dola, na barua ya chuo inayosema tuzo hiyo inalipia nini.

Ni sisi,
Walimu wa michezo, sekondari
Arusha na Moshi